TUTEMBEE KANDO YA KIJITO
Somo la afya kutoka Msitu wa Rau

Mwezi huu hatukukaa mezani kuandika. Tulivaa viatu. Asubuhi ya Jumamosi moja tulikusanyika watu kumi na wanne wa jumuiya yetu, wazee kwa vijana, tukatoka mjini Moshi na kushuka hadi Msitu wa Rau. Tulitembea kandokando ya maji kwa muda wa saa mbili hivi, kisha tukarudi majumbani kabla jua halijawa kali. Katika safari hiyo fupi tulikutana na mambo mengi ambayo ukurasa huu umekuwa ukiyaeleza kwa maneno matupu, na mengine ambayo hatukuyatazamia. Ndiyo maana tumeona vema tuwashirikishe.

Chanzo cha safari yenyewe ni kipimo cha presha. Siku moja baada ya Misa ya pili, wauguzi waliketi chini ya mti nje ya kanisa wakawapima watu waliotaka. Mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa sokoni, alikaa kwenye kiti kwa sababu tu rafiki yake aliogopa kukaa peke yake. Hakuwa anaumwa popote. Kipimo kikaonyesha 190 kwa 115. Muuguzi akamwambia atulie dakika tano, akapima tena mkono wa pili, ikawa karibu ileile. Mume wake aliposikia alisema, "Lakini mbona haumwi?"

Neno hilo tunalisikia kila mara, nalo limewapeleka wengi kaburini. Presha ya juu haina homa wala haina maumivu. Mtu hulima, hupika, hucheka na majirani, huku mishipa yake ya damu ikisukumwa kupita kiasi mchana na usiku, mpaka siku mshipa mmoja wa kichwani unapopasuka au kuziba, naye akaamka upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Kwa mtu mzima, kipimo kikirudiwa siku tofauti na kikabaki 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, ajisikie vizuri au vibaya.

Mama yule alipelekwa hospitali siku ileile na kuanzishiwa dawa. Baada ya majuma kadhaa presha iliposhuka, daktari alimruhusu kuanza mazoezi, akamwambia, "Mama, utembee." Naye akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka: "Nitembee wapi?" Barabara yake ina vumbi, malori na bodaboda. Akitembea bila mzigo kichwani, majirani wanauliza kama amefukuzwa nyumbani. Basi tukamwambia tutakwenda pamoja.

BIBI ZETU HAWAKUAMBIWA "FANYA MAZOEZI"

Kabla ya kuingia msituni tuseme jambo moja. Wenzetu wengi wa vijijini wakisikia habari ya mazoezi hukasirika kidogo. "Mimi ni mkulima," husema, "mazoezi ni ya watu wa ofisini." Wana haki. Mwanamke wa Kibosho au Kilema wa miaka ya nyuma alishuka alfajiri hadi shamba la tambarare, akalima mahindi na maharage, akafunga mzigo wa majani ya ng'ombe, akaupandisha mlima mpaka kwenye kihamba. Siku ya soko alibeba ndizi kwa miguu hadi Kiboriloni au mjini. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuambiwa atembee.

Lakini tujitazame leo kwa ukweli. Majani ya ng'ombe yanaletwa na gari dogo. Ndizi zinapanda bodaboda, na mwenye ndizi anapanda nyuma yake. Watoto wanachukuliwa kwa daladala kwenda shule iliyo karibu tu. Chakula nacho hakikupungua, kimeongezeka: mafuta mengi zaidi, chumvi zaidi, soda katika kila sherehe, na sherehe zenyewe ni nyingi. Hatuwalaumu waliopata gari. Tunasema tu kwamba mwili ni uleule uliozoea kupanda mlima, na sasa umekalishwa kwenye kiti.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za mwendo wa wastani. Ukigawanya, ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani unapimwa hivi: ukitembea unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba wimbo mzima bila kuhema. Tulilijaribu hilo njiani. Wanakwaya wawili walishindwa ubeti wa kwanza, na walicheka sana. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma aliimba bila shida yoyote, ndipo tukajua kwamba anatembea polepole mno, tukamhimiza.

MSITU UNAOKUNYWA KUTOKA CHINI

Msitu wa Rau uko kilometa chache kusini-mashariki mwa mji, kwenye tambarare. Ni hifadhi ndogo, hekta zipatazo 570, iliyo chini ya uangalizi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Upande mmoja kuna nyumba za watu, upande mwingine kuna mashamba ya mpunga. Ukiwa nje huoni cha ajabu. Ukishaingia hatua mia moja tu, joto linapungua, kelele za mji zinakatika, na njia inageuka kuwa udongo laini wenye majani yaliyooza.

Mwalimu mmoja mstaafu katika kundi letu aliuliza swali zuri: mvua ya Moshi mjini kwa mwaka haifiki milimita 1,000 kwa kawaida, na miezi mingi ni mikavu, sasa miti mirefu namna hii inaishi kwa nini? Jibu liko chini ya miguu. Msitu huu hautegemei sana mvua inayoanguka juu yake. Mizizi yake inafikia maji yaliyomo ardhini, na maji hayo yametoka mlimani. Kwenye msitu wa Kilimanjaro upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi kidogo, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa huzama katika miamba ya zamani ya volkano, husafiri taratibu gizani, na kutokea tena huku chini kama chemchemi. Chemchemi za Njoro ni ndugu wa maji hayohayo.

Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wengi bado hufikiri kwamba maji yetu yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, na ni jambo la kusikitisha kulitazama kutoka uwanjani kwako. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji yanayotufikia ni mvua na ukungu vinavyoshikwa na msitu wa mlimani. Anayekata mti kule juu anagusa ndoo ya mtu wa Njoro. Wazee walilijua: mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kati ya vihamba na msitu mkubwa, ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia ndani zaidi. Msitu mkubwa wenyewe uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005.

Ndani ya Rau tulionyeshwa mvule mkongwe ambao shina lake lilituzuia kuonana tulipousimamia pande mbili. Kuna mti mwingine ambao wengi wetu tulikuwa hatujausikia, ingawa tumeishi hapa miaka yote: msoo. Wataalamu wa mimea wakaupa jina la kisayansi kwa kutumia jina hilohilo la wenyeji, Oxystigma msoo. Duniani kote mti huo unajulikana katika sehemu chache tu za Tanzania na Kenya, na umo katika orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka. Mbega walitutazama kutoka juu bila haraka. Mtoto mmoja aliuliza kama nao wana presha. Hatukuweza kumjibu.

MWILI UNAPOTEMBEA

Baada ya nusu saa tulipumzika kwenye mizizi mikubwa, na muuguzi aliyekuwa nasi akaeleza kinachotokea mwilini.

Moyo unasukuma damu kwenda chini bila shida. Kazi ni kuirudisha juu. Misuli ya mashavu ya miguu husaidia. Kila hatua inaikaza misuli hiyo, nayo inaibana mishipa na kuipandisha damu, kama mtu anayekamua nguo. Mtu akikaa dukani kutwa nzima, pampu hiyo inalala, ndipo miguu inavimba jioni. Aidha, mtu anayetembea mara kwa mara mishipa yake hulegea na kupanuka kwa urahisi zaidi, na presha hushuka. Kwa mwenye presha ya juu, mazoezi ya mara kwa mara yanaweza kushusha kipimo cha juu kwa pointi 5 hadi 8. Si nyingi, lakini ni msaada unaofanana na wa kidonge kimoja.

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Tumesema unaofanana na kidonge, hatukusema uache kidonge. Wako watu waliotembea mwezi mmoja, wakajisikia wepesi, wakaweka dawa kabatini. Mmoja wao tulimzika. Dawa hupunguzwa na daktari baada ya kupima, haipunguzwi na mgonjwa baada ya kujisikia vizuri.

Kwa mwenye kisukari faida ni ya aina nyingine. Misuli inapofanya kazi hufungua milango yake na kuchukua sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na hali hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya kutembea. Hata dakika kumi au kumi na tano baada ya mlo hupunguza kupanda kwa sukari. Lakini anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari asije msituni akiwa na njaa. Ale kwanza, na mfukoni awe na pipi au sukari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kusema maneno yasiyoeleweka, asiachwe "apumzike kidogo". Akiwa anaweza kumeza, apewe sukari hapohapo.

Je, kutembea msituni kuna faida kuliko kutembea kando ya barabara? Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuwahimiza wananchi waende misituni kwa ajili ya afya, na baadaye watafiti wa huko waliwapima watu msituni na mjini. Waliona kwamba msituni mapigo ya moyo hupungua kidogo, na hata kemikali za mwilini zinazotokana na wasiwasi hupungua. Sisi hatutasema kwamba msitu ni dawa. Vipimo hivyo vilikuwa vya muda mfupi. Tunachoweza kusema ni kwamba mama wa sokoni alitembea saa mbili bila kuuliza saa, na siku ya pili yake barabarani alichoka kwa dakika ishirini. Kivuli kina maana yake. Udongo laini nao haugongi magoti ya wazee kama lami.

Yuko asiyepaswa kuja bado. Mwenye kipimo kinachofika 180 kwa 110 aende kwanza kwa daktari. Mwenye kubanwa kifua anapotembea, maumivu yanayokwenda kwenye taya au mkono wa kushoto, au kuishiwa pumzi akiwa amekaa, naye vivyo hivyo. Mama mjamzito asiye na matatizo anaweza kutembea vizuri, ila akae mbali na mawe yenye utelezi.

TULIPOFIKA PENYE MAJI YALIYOTULIA

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii kwa haraka kuliko tulivyopanga.

Njia yetu ilitokea mahali ambapo msitu unaishia na mifereji ya mashamba ya mpunga inaanza. Maji ya Rau na ya Njoro ndiyo yanayonywesha mashamba ya Moshi Chini, katika mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Ni kazi nzuri iliyoleta chakula na fedha. Siku hiyo kulikuwa na joto, na vijana watatu waliokuwa nasi walikwisha kuvua mashati ili waruke mferejini. Muuguzi aliwazuia. Mmoja wao, wa miaka kumi na miwili, akasema, "Mbona sisi tunaogelea hapa kila siku?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kwamba wakubwa wakianza kubalehe hukojoa mkojo mwekundu mwishoni, na yeye ameanza.

Watu wazima tulitazamana. Mtoto yule alikuwa amekaa na damu kwenye mkojo miezi kadhaa, akifikiri ni dalili ya kuwa mwanamume. Wazazi wake hawakujua.

Huo ni ugonjwa wa kichocho. Mzunguko wake ni huu. Mgonjwa anakojoa au kujisaidia majini, na mayai ya minyoo yanaingia na uchafu huo. Mayai yanapasuka majini, na vijidudu vinavyotoka vinamtafuta konokono mdogo wa majini. Ndani ya konokono vinazaliana kwa majuma kadhaa, kisha vinatoka maelfu kwa maelfu, hasa mchana wa jua, vikiogelea kutafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda wala mdomo. Vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache. Mwilini vinakuwa minyoo inayoishi katika mishipa ya damu kwa miaka. Aina moja hukaa karibu na kibofu na kuleta damu kwenye mkojo. Nyingine hukaa karibu na utumbo, huleta kuhara damu na baadaye kuharibu ini. Kwa hiyo kunywa maji safi pekee hakutoshi kumkinga mtu: kichocho huingia kwa kuoga, kufua, kuvua samaki na kupandikiza mpunga.

Konokono hao hupenda maji yanayotembea polepole, yenye majani na jua. Ndiyo maana mfereji wa tambarare na dimbwi la kando ya msitu ni hatari zaidi kuliko kijito cha juu kinachoshuka kwa nguvu kwenye mawe, kama kule Materuni kwenye maporomoko. Huko juu hofu yetu ni nyingine: jiwe lenye utelezi, na maji ya mfongo ambayo watu huyanywa kwa kuwa ni baridi na yanang'aa. Ung'avu si usafi. Mfongo unapita kwenye vihamba vingi, mazizi mengi na vyoo kadhaa kabla ya kufika kwako. Yachemshe mpaka yatokote vizuri. Homa ya matumbo na amiba haviogopi mlima.

Kwa akina mama tunaongeza neno ambalo mara nyingi halisemwi. Kichocho cha kibofu kinaweza kuweka mayai katika sehemu za uzazi za mwanamke. Huleta vidonda, kutokwa na damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na wakati mwingine utasa. Si ugonjwa wa zinaa. Watafiti waliokwenda vijijini wilayani Mwanga, katika mkoa wetu huu, miaka ya 1990 waliwakuta akina mama wenye hali hiyo. Tunafikiri juu ya ndoa ngapi zimeingia ugomvi, na mke akaitwa mwasherati, kwa sababu ya mnyoo aliouokota akipandikiza mpunga au akifua nguo za watoto. Baba, kabla hujatoa shutuma, mpeleke mkeo hospitali mkapimwe wote wawili.

Tiba yake ni rahisi. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, hutolewa kwa kipimo cha uzito au kimo, na mara nyingi kwa siku moja tu. Watoto hupewa mashuleni wakati wa kampeni. Shida ni kwamba haimkingi mtu asiambukizwe tena. Akirudi mferejini Jumatatu anaanza upya. Kwa matumizi ya nyumbani, maji yaliyotekwa bila konokono na kuwekwa ndani ya chombo kwa siku mbili hayana tena vijidudu hai vya kichocho, kwa kuwa bila kumpata mtu hufa. Mwenye kufanya kazi shambani avae buti za mpira. Na kila nyumba iwe na choo, na choo kitumike, hata na mtoto, hata shambani. Pasipo mkojo wala kinyesi majini hakuna kichocho.

MBU, SIAFU NA NYOKA

Tutapita haraka hapa. Wazee wa Kilimanjaro walijenga nyumba juu na kulima chini, wakishuka mapema na kupanda kabla ya giza, kwa sababu tambarare ilikuwa na homa. Hawakujua mbu aina ya Anofelesi, lakini walijua saa zake. Sisi nasi tulitoka msituni kabla ya saa nne asubuhi. Wakazi wa karibu na mpunga wanajua wingi wa mbu. Hata hivyo, utafiti wa Moshi Chini uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha jambo la kutia moyo: kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi lakini malaria kidogo kuliko kijiji kisicho na umwagiliaji. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba watu wenye mazao na fedha walitumia vyandarua zaidi na kupata dawa. Kwa hiyo chandarua si pambo la mgeni.

Siafu walitukuta mara moja. Dawa yake ni kuangalia mahali unapokanyaga na kutosimama. Upupu usiguswe, ukikuwasha usijikune, bandika udongo mbichi au utomvu wa kunata ukauke kisha ubandue nywele zake. Akiumwa mtu na nyoka, asikatwe kwa wembe, jeraha lisifyonzwe, asifungwe kamba kwa nguvu, wala asipotezewe muda kwa jiwe jeusi. Atulizwe, mguu usitikisike, ufungwe kijiti kama uliovunjika, avuliwe pete na bangili, apelekwe hospitali mara moja.

Kuhusu viatu: raba zilizofunga vidole zinatosha. Ndala zilimwangusha ndugu mmoja mara mbili. Wenye kisukari wakague nyayo zao jioni, maana miguu yao huumia bila kuhisi, na kidonda kidogo cha mwiba kimewakata watu miguu.

HABARI ZA WALE WAWILI

Kijana wa mkojo mwekundu alipelekwa zahanati Jumatatu na mama yake. Mayai yalionekana. Alimeza vidonge vyake, akalalamika kichefuchefu siku moja, akapona. Kilichotufurahisha zaidi ni kwamba juma lililofuata alirudi pale zahanati na wenzake wanne wa mferejini, akiwaongoza mwenyewe, wote kwa aibu wakishika vichupa vya mkojo nyuma ya migongo. Watatu kati yao walikuwa nacho.

Mama wa sokoni alipimwa tena baada ya mwezi: 146 kwa 92, akiwa bado anameza dawa zake na kutembea siku nne kwa juma pamoja na mume wake. Daktari hajaridhika, naye hajaridhika. Majirani wamekwisha kuzoea kumwona akipita bila mzigo.

Tutakwenda Rau tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Tutakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi nje ya kanisa, tupate kutoka msituni kabla ya saa nne. Kila mtu aje na chupa ya maji yaliyochemshwa, kofia, na raba. Msitu una uangalizi wake, hivyo viongozi wa jumuiya wawasiliane mapema na walinzi wa hifadhi kuhusu kiingilio na mwongozaji. Wenye kisukari wanywe uji kwanza. Watoto wanakaribishwa, lakini mferejini hakuna kuruka.